Mhasibu mzuri ambaye hatafuti kazi: nimfikieje bila kumkosea?

Afisa wa Njiro aliuliza:

Habari za kazi, wakubwa zangu na wenzangu. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya utalii hapa Arusha yenye wafanyakazi wasiozidi mia na hamsini, madereva na wapishi wa kambini wakiwamo. Tangu Machi natafuta mhasibu mkuu. Sifa tunazozihitaji si za ajabu: awe na CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, na awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, awe amewahi kushika hesabu za kampuni inayopokea dola na kulipa kwa shilingi, na awe anaifahamu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kiasi cha kuweza kukaa meza moja na mkaguzi wa mamlaka ya mapato, TRA, na kumjibu kwa karatasi zilizopangwa.

Tulitangaza nafasi hiyo mara mbili, tukapokea maombi zaidi ya mia mbili, nami nimeyasoma yote mwenyewe, jioni baada ya jioni. Wengi walioomba ni vijana waliotoka chuoni juzi, na sina neno baya juu yao, ila nafasi hii bado si yao. Mkurugenzi wangu akaniambia kwamba mhasibu tunayemtaka yuko hapa hapa mjini, ameketi kwenye kiti chake, analipwa vizuri na hana habari kwamba tunamtafuta.

Ndipo nikaingia LinkedIn, mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi. Nilitafuta wahasibu wa Arusha na Moshi, nikawaandikia watu 31 ujumbe huu, neno kwa neno:

"Habari. Tumeupitia wasifu wako na tumevutiwa nao. Kampuni yetu inayokua kwa kasi ina nafasi nzuri katika idara ya fedha. Kama una nia, tafadhali tuma CV, vyeti na majina ya wadhamini watatu kabla ya Ijumaa."

Walijibu wanne. Wawili walikataa kwa adabu. Mmoja aliuliza mshahara, na nilipomwambia kuwa tutauzungumza kwenye usaili hakuandika tena. Wa nne aliniuliza kama nimeusoma wasifu wake kweli au nimemwandikia kila mtu, na swali hilo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimemwandikia kila mtu.

Naomba kueleweshwa. Je, kosa liko kwenye ujumbe, liko kwenye mtandao wenyewe, au ni mimi ninayewafuata watu wasiotaka kufuatwa? Tena, je, ni haki kumfuata mtu aliye kazini kwa mwenzangu?

Mama Usaili wa Moshi alijibu:

Mdogo wangu Afisa, nimefanya kazi ya kuajiri kwa miaka kumi na tisa, kwanza kwa barua na simu ya mezani, na sasa kwa mitandao hii. Nianze na ujumbe wako, kwa kuwa ndipo penye maumivu.

Ujumbe huo unamtendea mtu aliyetulia kana kwamba ni mwombaji. Mwombaji ndiye anayepeleka CV, vyeti na wadhamini, kwa sababu yeye ndiye mwenye haja. Hapa mwenye haja ni wewe. Umekwenda kwenye mlango wa mtu, na anayekwenda kwenye mlango wa mtu hupiga hodi, hutaja jina lake, husema ametoka wapi na amefuata nini, kisha husubiri. Wewe hukutaja kampuni, hukutaja cheo, hukulitaja hata jina la unayemwandikia, halafu ukaweka siku ya mwisho. Mtu mwenye kazi yake haoni sababu ya Ijumaa yako kumhusu.

Chukua watu sita badala ya 31. Soma wasifu wa kila mmoja kuanzia juu hadi chini: alianzia wapi, alikaa miaka mingapi, alihama lini, ameandika nini juu ya kazi aliyoifanya. Tafuta jambo moja ambalo ni lake peke yake na ambalo ndiyo sababu ya kweli ya wewe kumtaka. Usipolipata, usimwandikie. Ukilipata, andika kitu kama hiki:

"Habari za kazi, Ndugu Fulani. Naitwa Fulani, ni afisa rasilimali watu wa kampuni Fulani hapa Njiro. Nimesoma kwamba ulianzia kwenye ukaguzi wa hesabu kabla ya kuhamia hotelini, na kwamba ndiye uliyeisimamia hoteli hiyo ilipotoka kwenye majedwali ya Excel kuingia mfumo kamili wa hesabu. Sisi tuko mwanzoni mwa safari hiyo hiyo, na tunatafuta mhasibu mkuu wa kuiongoza. Mshahara ghafi uko kati ya kiasi hiki na kiasi hiki. Sijui kama unafikiria kuhama, na kama hufikirii, nitashukuru kulijua hilo pia. Ukipenda, tuzungumze kwa simu dakika kumi na tano baada ya saa za kazi. Mazungumzo yatabaki kati yetu."

Utaona kwamba hakuna mahali unapomwomba CV. Hiyo itakuja yenyewe, akishataka.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi hivi, kwa sentensi mbili, kisha umwache. Sisi tumelelewa kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa mtu anageuka na kwenda zake; kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana, mimi naona hata mbili zinatosha.

Kuhusu mtandao wenyewe, upo ufundi mdogo ambao nadhani hukuutumia. Wahasibu wengi wa kwetu huandika vyeo vyao kwa Kiingereza, tena kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo ukitafuta cheo kimoja tu utawakosa zaidi ya nusu. LinkedIn inakubali maneno AND (na), OR (au) na NOT (si) yakiandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na alama za nukuu kwa cheo chenye maneno mawili au zaidi. Weka vyeo vinne au vitano ndani ya mabano ukiviunganisha kwa OR, kisha AND na CPA, halafu chagua eneo. Akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa mwezi, nawe utakifikia mapema. Ukilipia, utapata pia InMail, yaani ujumbe kwa mtu ambaye hamjaunganishwa, na ni vizuri ujue kwamba mtu akijibu ndani ya siku 90, awe amekubali au amekataa, salio la ujumbe huo hurudishwa kwako. Wenye mtandao wamepanga hivyo ili anayeandika kwa uangalifu asigharimike sawa na anayetawanya ujumbe kama matangazo ya mnada.

Kuna pia alama ambayo mtu huweka kuonyesha kwamba yuko tayari kupokea kazi, na anaweza kuchagua ionwe na wanaoajiri tu. LinkedIn hujitahidi kuificha kwa waajiri wa kampuni anayofanyia kazi, ila haitoi hakikisho kamili. Kwa hiyo ukiiona alama hiyo kwa mtu, usiitaje popote nje ya mazungumzo yenu wawili.

Mwenye Nyumba ya Wageni, Usa River, alijibu:

Nimesoma kwa masikitiko, na naomba nisikike. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na nne. Nilimpokea binti mmoja akiwa hajui kutengeneza ankara, nikamlipia masomo ya jioni, nikamfundisha mwenyewe mambo ya benki na ya kodi kwa miaka minne. Mwaka juzi, Juni inaanza na wageni wanamiminika, akapata ujumbe kama huu mnaoupamba hapa, akaondoka. Mshahara aliopewa mimi siuwezi. Kampuni kubwa zinatuachia sisi wadogo kazi ya kufundisha, kisha zinakuja kuvuna. Afisa ameuliza kama ni haki. Kwangu mimi si haki, na nasema hivyo bila kumchukia mtu.

Mama Usaili wa Moshi alijibu:

Ndugu yangu wa Usa River, pole sana, na maumivu yako nayaelewa kwa sababu nami nimewahi kuyapata nikiwa upande wako. Hata hivyo yule binti si shamba ulilolipalilia, ni mtu, na miaka minne aliyokufanyia kazi ndiyo aliyokulipa. Jambo ninalokubaliana nawe ni wakati. Kumng'oa mhasibu wa nyumba ya wageni Juni ni kumwacha mwenzako bila mkono msimu unapoanza, na anayeajiri akiwa muungwana humuuliza mtu huyo anahitaji muda gani wa kukabidhi kazi vizuri, halafu humsubiri. Aprili na Mei, mvua za masika zinapokuwa zimefunga kambi nyingi, angeweza kuondoka nawe ukabaki na nafasi ya kumpata mwingine.

Nakuomba jambo moja pia, kwa nia njema. Yule binti alipopata ujumbe ule, je, alikuwa na mtu wa kumwambia pale kwako? Wengi niliowahi kuwahamisha hawakuhama kwa sababu ya fedha peke yake. Walihama kwa sababu mgeni kwenye mtandao alikuwa mtu wa kwanza kuitaja kazi yao kwa jina lake.

Mhasibu wa Soweto, Moshi, alijibu:

Mimi ni mhasibu, nina CPA, na ninaandikiwa ujumbe wa namna hii mara kwa mara. Nadhani sauti ya anayeandikiwa inahitajika hapa, kwa kuwa mnaoajiri mnazungumza kama watu wasio na cha kupoteza, na sisi tunacho.

Miaka mitano iliyopita nilikuwa kwenye kampuni moja hapa Moshi, na nilikuwa nimeridhika. Mtu wa kuajiri kutoka Arusha aliniandikia. Nilimjibu kwa heshima tu kwamba nitafikiri, nami sikuwa na nia ya kuhama. Kesho yake asubuhi alimpigia simu mtu anayemfahamu ofisini kwetu, eti kuulizia tabia yangu kabla hajaendelea. Kabla ya saa saba mchana mkurugenzi alikuwa ameshaniita. Sikufukuzwa. Niliondolewa kwenye orodha ya watia saini wa benki, nyongeza ya mshahara ya mwaka ule ikanipita, na kwa miezi minane nilikaa kwenye ofisi niliyoijenga mwenyewe kama mgeni anayesubiri kuaga. Mwishowe niliondoka kweli, na yule mtu wa Arusha hakuwahi kujua alichofanya.

Mji wetu ni mdogo. Wahasibu wa Moshi na Arusha tumesoma pamoja chuo cha Ushirika au Chuo cha Uhasibu, tumeketi kwenye vyumba vile vile vya mitihani ya NBAA Mei na Novemba, na waajiri wetu wanasali pamoja na kukutana kwenye harusi na misiba. Kwa hiyo kabla hujaniahidi siri, hakikisha unaweza kuitunza. Usimpigie mtu yeyote wa ofisini kwangu mpaka nikupe ruhusa kwa maandishi. Usinitumie kitu kwenye barua pepe ya kazini. Hata mwaliko wa kuungana nawe una hatari yake, kwa sababu wenzangu wanaweza kuona kwenye orodha yangu kwamba ghafla nimeunganishwa na afisa rasilimali watu wa kampuni nyingine. Ujumbe wa kawaida ni salama zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mtu aliyekaa miaka tisa mahali pamoja akija kwako anaanza upya kisheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, masharti yanayomlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kiinua mgongo cha sheria hiyo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, usiozidi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu, wala si pale mtu anapoacha mwenyewe. Mimi nikihama naacha vyote hivyo mlangoni. Ukiniambia tu kwamba kampuni yenu inakua kwa kasi, hujajibu swali hata moja ninalojiuliza usiku. Niambie mkataba ni wa muda gani, kipindi cha majaribio ni cha miezi mingapi, nani alishika nafasi hiyo kabla yangu na kwa nini aliondoka. Hilo la mwisho ndilo ninaloliuliza kwanza, na wengi hulikwepa.

Naongeza moja kuhusu namna ya kutupata. Wahasibu wazuri ninaowafahamu, robo tatu wasifu wao mtandaoni hauna zaidi ya jina na cheo cha zamani. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi hupata habari za kazi kwa wale wanaofahamiana nao kwa mbali kuliko kwa ndugu na marafiki wa karibu, na mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa watumiaji zaidi ya milioni 20, nayo yakakuta kwamba uhusiano wa mbali kiasi ndio uliowasaidia watu zaidi kuhamia kazi mpya. Sababu yake inaeleweka: rafiki yako wa karibu anajua yale unayoyajua wewe. Kwa hiyo ukimpata mtu mmoja mwenye wasifu ulioandikwa vizuri na akakataa, usimwache hivi hivi. Muulize kwa adabu, katika wale aliosoma nao au aliofanya nao ukaguzi, ni nani angemtazama. Mimi nimewahi kukataa kazi tatu na kuwaelekeza watu wawili ambao hawana hata picha mtandaoni.

Karani wa Sheria, Sekei, alijibu:

Nitakuwa mfupi. Afisa, ukianza kutengeneza jedwali lenye majina ya watu, vyeo vyao, simu zao na maoni yako juu yao, unakusanya taarifa binafsi, hata kama wao wenyewe waliziweka mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali na bayana, zisitumike kwa jambo jingine, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na inawataka wakusanyaji wa taarifa wasajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uliza kama kampuni yenu imesajiliwa. Nafasi ikishajazwa, futa majina ya wale ambao hawakutaka, na usiwape wenzako wa kampuni nyingine jedwali hilo kama zawadi. Programu za kuvuna wasifu wa watu kwa mkupuo usiziguse kabisa, kwani LinkedIn yenyewe imezikataza katika masharti yake.

Jambo la pili: wasifu unaonyesha picha, jina, na mara nyingi mahali mtu alikotoka. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Nimeshasikia mtu akisema anataka mhasibu wa kabila fulani kwa sababu wanajua fedha. Usiliruhusu hilo liingie kwenye chujio lako, hata kwa utani.

Afisa wa Njiro alijibu:

Nawashukuru nyote, na nimewasoma zaidi ya mara moja. Mzee wangu wa Usa River, nimezungumza na mkurugenzi na tumekubaliana kwamba atakayekubali tutamsubiri hadi atakapokabidhi kazi, hata ikipita zile siku 28 za notisi ambazo sheria inaziweka kama kima cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi. Mhasibu wa Soweto, habari yako imenigusa sana, kwani katika wale 31 kuna wawili ambao nilikuwa nimeshaandaa kuwapigia watu wa ofisini kwao kesho. Sitapiga.

Nimebaki na majina matano. Nimeusoma wasifu wa kila mmoja na kuandika ujumbe tofauti kwa kila mmoja, na imenichukua siku mbili nzima. Nimewaandikia pia wale wanne walionijibu mwanzo, nikamwomba radhi hasa yule aliyeniuliza kama nimemsoma. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mkurugenzi hataki kutaja mshahara kwenye ujumbe wa kwanza, anasema washindani watauona. Nifanyeje? Na wadhamini niwatafute wapi, ikiwa ofisini kwa mtu hakuguswi?

Mhasibu wa Soweto, Moshi, alijibu:

Kuhusu mshahara, mwambie mkurugenzi kwamba washindani wake wanaujua tayari, kwa sababu wafanyakazi wake wanautaja. Akishikilia, basi ahakikishe kwamba mtu akiuliza anajibiwa siku hiyo hiyo kwa tarakimu. Yule wa tatu katika wale wanne wako hakuondoka kwa sababu fedha ni ndogo. Aliondoka kwa sababu aliona atalazimika kuomba ruhusa kazini, kudanganya kwamba anakwenda hospitali na kuja kuketi mbele ya watu watano kabla hajajua kama safari ina maana.

Wadhamini watoke kwa mwajiri wa kabla ya huyu wa sasa, au kwa mkaguzi wa nje aliyewahi kukagua vitabu vyake, na majina hayo akupe yeye. Mwajiri wa sasa aulizwe baada ya barua ya ajira kusainiwa, akiridhia.

Na hizo barua tano ulizoziandika, leo ni tarehe 16 Julai, usizitume bado. Tarehe 20 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi, za VAT, na hakuna mhasibu wa mji huu atakayesoma kitu kingine kabla ya hapo. Ungetutumia mwishoni mwa Juni, tunapokuwa na ritani za mwaka na awamu ya kodi ya makadirio kwa pamoja, zingepotea kabisa. Na mwanzo wa mwezi hadi tarehe 7 tunahangaika na kodi ya mishahara. Tuma kuanzia tarehe 22, jioni, baada ya saa kumi na mbili, mtu akiwa ameshafika nyumbani na simu iko mkononi mwake.